Ua Ndani ya Ua: Historia ya Mimea ya Manukato na Mapambo katika Nyua za Tabora na Njia Kuu ya Misafara



1. Utangulizi

Lugha ya Kiswahili ina nomino mbili zinazoandikwa kwa herufi zilezile na kutamkwa kwa sauti zilezile. Tunasema "ua hili limechanua", na wingi wake ni maua. Tunasema pia "ua huu umefagiwa", na wingi wake ni nyua. Nomino ya kwanza ni sehemu ya mmea itoayo mbegu; ya pili ni uwanja uliozungushiwa ukuta au wigo, ambamo watu wa nyumba hupika, huoga, huanika nafaka na kupokea wageni wa karibu. Kinachozitenganisha ni upatanisho wa kisarufi peke yake. Katika mhadhara huu nakusudia kuzikutanisha nomino hizi mbili, yaani kulitazama ua likiwa limepandwa ndani ya ua.

Mahali nilipopachagua ni Tabora pamoja na njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Mpwapwa, Kilimatinde na Unyanyembe hadi Ujiji. Nitamalizia Choma, katika Wilaya ya Igunga, kaskazini mashariki ya Mkoa wa Tabora, kwa sababu huko ndiko swali letu lilikobaki na uzito wa kila siku: mtu ajengaye nyumba katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua apande nini mlangoni pake ili nyumba ipendeze na inukie?

Huenda baadhi yenu mkaliona swali hili kuwa dogo. Tumezoea kuisoma historia ya Tabora kwa pembe za ndovu, watumwa, bunduki, vita vya Mirambo aliyefariki mwaka 1884, na kifo cha Isike mwaka 1893 alipokuwa akipigana na Wajerumani. Mambo hayo ni makubwa, nami siyapunguzii ukubwa wake. Hata hivyo, nitajaribu kuonyesha kwamba mche wa mrehani au mkomamanga uliopandwa uani una habari zake kuhusu mambo hayohayo: nani alisafiri, nani alikaa, nani aliamuru na nani aliteka maji.

2. Ushahidi wa maneno

Tuanze na lugha, kwa kuwa lugha huhifadhi mambo ambayo mwandishi wa safari hakuyaona.

Neno bustani limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na Kiarabu kililipata kutoka Kiajemi. Huko asili yake ni maneno mawili: moja lina maana ya harufu, la pili lina maana ya mahali. Kwa hiyo, kwa mujibu wa asili yake, bustani ni mahali pa harufu nzuri. Maana hiyo imefifia. Leo tunasema bustani ya mboga bila kufikiria manukato. Lakini majina ya mimea iliyoambatana na neno hilo bado yanaonyesha njia iliyopitia. Waridi, rihani na hina ni maneno ya Kiarabu. Asumini, ambayo wengine huiita yasmini, ilitoka Kiajemi ikapitia Kiarabu. Langilangi limetoka mbali zaidi, katika visiwa vya Ufilipino. Tunda la komamanga limebeba ndani ya jina lake neno Manga, ambalo kwa watu wa pwani lilikuwa jina la nchi ya Uarabuni, hasa upande wa Omani. Kiungo hichohicho kinasikika katika pilipili manga.

Sambamba na maneno hayo ya kigeni yapo maneno ya Kibantu ambayo hayakuhitaji kuazimwa. Kitenzi nuka humaanisha kutoa harufu, na aghalabu harufu mbaya. Tukikitia kiambishi cha kutendea tunapata nukia, na maana inageuka: kinachonukia kinapendeza. Kutoka hapo tumepata manukato. Mwanafunzi wa mofolojia na auzingatie mfano huu, kwani irabu moja iliyoongezwa imehamisha neno kutoka katika karaha hadi katika raha. Pia tuna kawaida ya kusema "nasikia harufu", kana kwamba pua na sikio vinashirikiana kazi. Lugha yenye utaratibu wa namna hii haikungoja mgeni aifundishe kuthamini harufu. Mgeni alileta baadhi ya mimea. Hisia na msamiati wa kuieleza ulikuwapo.

Ushahidi mzuri ni kivumbasi, mmea wa porini ulio ndugu wa rihani. Majani yake yakifikichwa hutoa harufu kali, na watu wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki huyatumia kufukuzia mbu na kutibia mafua. Rihani ilipofika bara ilimkuta ndugu yake akiwa mwenyeji, mwenye jina lake na kazi yake.

Aidha, pwani ulikuwapo msamiati mpana wa matumizi: kikuba, yaani kishungi kidogo cha majani na maua yanukiayo ambacho mwanamke hukibandika kifuani au kichwani, koja la asumini, tibu, dalia na liwa za kujipaka, udi na ubani wa kufukiza katika chetezo, marashi ya kunyunyiza kwa mrashi. Padri Charles Sacleux, ambaye pamoja na kazi ya kamusi alikuwa mkusanyaji wa mimea, aliingiza majina mengi ya mimea katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa kuanzia mwaka 1939. Mwaka 1949 R. O. Williams alitoa kitabu kizima kuhusu mimea yenye faida na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Tazameni kazi hizi zinakoelekea: zinaegemea pwani na visiwa. Kiswahili cha Tabora, ambacho kimezungumzwa na vizazi vingi vya Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu na wengineo, hakijapata mkusanyaji wa mimea wa kiwango hicho.

3. Safari ya mbegu

Tuje sasa kwenye njia. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kaze, katika Unyanyembe, tarehe 7 Novemba mwaka huohuo. Walitumia zaidi ya miezi minne. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akafika mwezi Juni, miezi mitatu ya mwendo ambao yeye mwenyewe aliuona kuwa wa haraka. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia hii kuliko wote hao, na wengi wao waliipanga safari yao ili wawahi kurudi kwao kulima mvua zinapoanza.

Kwa mtu anayechukua mimea, muda huu ni hukumu. Mbegu ya rihani ni ndogo na kavu; mtu aweza kuifunga katika pindo la nguo, ikakaa mwaka na zaidi, na bado ikaota. Mbegu za vitunguu na pilipili nazo zinastahimili. Lakini kokwa la embe likikauka hupoteza uhai katika majuma machache. Aliyekula embe Bagamoyo akaweka kokwa mkobani hakuweza kutarajia kulipanda Tabora baada ya siku mia moja. Asumini ya pwani, ile yenye ua jeupe la kutungwa makoja, kwa kawaida haizai mbegu; hupandwa kwa kukata tawi. Waridi nalo huenezwa hivyo. Tawi bichi lahitaji unyevu kila siku, na sehemu za Ugogo ambamo njia ilipita zilikuwa maarufu kwa uhaba wa maji, hata msafara ulilazimika kuyalipia.

Kutokana na hali hii natoa hoja yangu ya kwanza. Mimea haikusafiri kama mizigo ya nguo na shanga, iliyofungwa pwani ikafunguliwa Unyanyembe. Mimea ya mbegu kavu iliweza kuvuka kwa mruko mmoja. Mimea ya kokwa na ya matawi ilipaswa kwenda kwa vituo: kupandwa mahali, kukua, kuzaa, kisha kizazi chake kuchukuliwa kituo cha mbele. Ndiyo maana miembe ni shahidi mwema wa njia hii. Tanzania ilipoiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006, vituo vilivyotajwa vilikuwa Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Na miembe ni sehemu ya kumbukumbu ya njia hiyo. Kila mwembe mkongwe katika mstari huo unatuambia kwamba hapo palikuwa na mtu aliyekaa muda wa kutosha kuungoja uzae. Msafara hupita, apandaye mti ni mkaaji.

4. Nyua za Kaze na Kwihara

Wakaaji wa Unyanyembe walikuwa akina nani? Walikuwapo Wanyamwezi, wenye nchi, chini ya watemi wa ukoo wa Fundikira. Walikuwapo Waarabu wa Omani na Waswahili wa pwani walioanza kupanga makazi yao katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, anasimulia katika tawasifu yake kwamba baba yake alikaa Tabora na kuoa katika ukoo wa mtemi. Habari hiyo inatufaa, kwa sababu inatuonyesha kwamba ua wa nyumba kubwa haukuwa kisiwa cha Uarabuni. Ndani yake mlikuwa na mke wa Kinyamwezi, jamaa zake, na maarifa yake ya mimea.

Nyumba yenyewe iliitwa tembe: jengo la udongo la pembe nne, paa tambarare, kuta nene, na katikati yake ua. Tembe la Kwihara, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, hata leo linatuonyesha mpango huo. Ua wa tembe ulikuwa ngome wakati wa vita na sebule wakati wa amani. Kuta zilizuia upepo mkavu wa kiangazi, zikapunguza jua la mchana, zikazuia mbuzi. Kwa mmea mchanga, hizo ni neema tatu kwa pamoja.

Burton alieleza kwamba Waarabu wa Unyanyembe waliishi kwa starehe, wakiwa na bustani kubwa zilizopandwa vizuri na wakipokea bidhaa za anasa kutoka pwani. Stanley alitaja machungwa, malimau, mapapai na maembe kuzunguka matembe yao, pamoja na vitunguu, matango na biringani. Tuwasome wageni hawa kwa uangalifu. Walikuwa wanunuzi wa chakula, na macho ya mnunuzi hutangulia kuona kinacholiwa. Tena, sehemu ya ndani ya nyumba, ambako wanawake walijipamba na kutunza mimea yao, haikuwa wazi kwa mgeni mwanamume. Kwa hiyo orodha zao zatuambia yaliyokuwa nje ya mlango kuliko yaliyokuwa ndani.

Hata hivyo, miongoni mwa walivyoviona imo mimea ambayo sisi twaiweka katika fungu la matunda peke yake, ingawa mwenyeji aliipanda kwa sababu zaidi ya moja. Ua la mlimau na la mchungwa hunukia sana asubuhi. Majani yake yakisuguliwa hunukia mwaka mzima. Mkomamanga una ua jekundu lisilo na haja ya kusifiwa. Kwa mtu wa Omani, nchi ambayo Jabal al-Akhdar yake inajulikana kwa makomamanga na kwa maji ya waridi, miti hii ilikuwa kumbukumbu ya kwao. Nchi kavu na ya mwinuko haikuwa ngeni kwake. Tabora, iliyo mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, iliwafaa zaidi mkomamanga na mdimu kuliko mkadi na mlangilangi, ambayo hupenda joto lenye unyevu la visiwani.

5. Nani aliteka maji?

Nimefika mahali ambapo msomaji wa maua hapendi kufika. Tabora hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili; miezi iliyobaki ni mikavu. Mchungwa mchanga, au bilingani iliyo uani, haumalizi Agosti bila kumwagiwa maji. Maji hayo yalitoka katika visima na vijito, yakabebwa kichwani. Katika nyumba za matajiri wa Unyanyembe kazi hiyo ilikuwa ya watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Harufu nzuri ya ua wa bwana ilinunuliwa kwa shingo ya mtu asiyelipwa.

Haifai kuipita habari hii kwa haraka, na pia haifai kuitumia kama sababu ya kuyang'oa maua. Utumwa haukukoma katika Tanganyika kwa kuja kwa Wajerumani. Sheria iliyoufuta kabisa ilitungwa chini ya Waingereza mwaka 1922. Katika kipindi hicho kirefu watu waliotekwa, wakiwamo wengi waliotoka Manyema katika Kongo ya mashariki, walikuwa wakigeuka polepole kuwa wenyeji wa mji, wenye nyumba na nyua zao. Mkono uliomwagilia ndio uliojua mmea upi unahitaji kivuli, upi unakatwa lini, upi unaota kwa tawi. Elimu hiyo haikubaki kwa bwana. Ilitoka na mwenye mkono.

Hii ndiyo hoja yangu ya pili: urithi wa bustani za Tabora, ambao tumezoea kuuita wa Kiarabu, ulihifadhiwa na kuenezwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawakutajwa katika vitabu vya wasafiri. Tukisema "Waarabu walipanda miembe" tunasema nusu ya sentensi. Waliamuru ipandwe. Nusu ya pili ni ya waliochimba mashimo.

6. Maulidi, boma na reli

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, tarika ya Kadiria ilienea Tabora na Ujiji, ikawakusanya watu wa hali mbalimbali, waungwana na waliokuwa watumwa, wanaume na wanawake. Katika maulidi marashi hunyunyizwa na udi hufukizwa juu ya wote waliohudhuria. Nadhani hapa ndipo manukato yalipovuka ukuta wa tembe. Kitu kilichokuwa alama ya utajiri wa nyumba moja kikawa haki ya mkusanyiko.

Upande mwingine, utawala wa Kijerumani ulileta mtindo tofauti: miti iliyopangwa kwa mistari kando ya barabara, kwa ajili ya kivuli na ya kutazamwa. Taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo ya Amani, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1902 na kuwa chimbuko la miche na mbegu za kigeni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku chache. Tawi la asumini lililofungwa katika kitambaa chenye maji sasa liliweza kufika likiwa hai. Kizuizi nilichokieleza katika sehemu ya tatu kiliondolewa kwa chuma na mvuke.

Mabadiliko haya yaliingia katika lugha. Mti wa asili ya Madagaska wenye maua mekundu ya Desemba umeitwa mkrismasi, kwa majira ya kuchanua kwake. Mti uliotoka Bara Hindi umeitwa mwarobaini, kwa maradhi arobaini ambayo watu wanaamini unayatibu. Angalieni tofauti. Majina ya tabaka la zamani, waridi, rihani, asumini, yaliazimwa pamoja na mmea. Majina ya tabaka hili jipya yametungwa hapahapa, na watu walioutazama mmea wakaamua wenyewe unawafaa kwa lipi. Lugha ilikuwa imekua vya kutosha kuwapa wageni majina.

7. Choma: kuchagua leo

Tuhitimishe safari yetu Choma. Huku ni karibu na mbuga za Wembere. Sehemu nyingi zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hushika maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Wenyeji wengi ni Wasukuma na Wanyamwezi. Wigo wa mnyaa, unaostahimili ukame na kuchukiwa na mifugo kwa utomvu wake mkali, ni sura ya kawaida ya maboma ya nchi hizi. Ua wa namna hiyo si tembe la Kwihara, lakini kanuni ni ileile: kwanza wigo, kisha kivuli, kisha ua.

Historia tuliyoipitia yatupa vigezo vinne vya kuchagua. Kwanza, maji. Mwenye nyumba na ajiulize ni nani atakayemwagilia mwezi wa Septemba. Iwapo jibu ni binti yake anayepaswa kuwa shuleni, basi tumerudia habari ya sehemu ya tano kwa jina lingine. Rihani na asumini zipandwe karibu na mahali pa kuogea na kuoshea vyombo, zinywe maji yaliyokwisha kutumika. Pili, udongo. Katika mfinyanzi mweusi ni heri kuinua tuta na kulichanganya na mchanga na samadi, ili mizizi isizame masika. Tatu, faida zaidi ya moja. Mwarobaini hutoa kivuli na maua madogo yenye harufu tamu. Mdimu na mkomamanga hulisha, hupamba na hunukia. Na kwa kuwa Tabora ni nchi ya asali, kila ua lenye utamu lina nyuki anayelingoja. Nne, tabia ya mmea. Si kila kipendezacho kinafaa. Lantana, iliyoletwa kutoka Amerika ya kitropiki kwa uzuri wa maua yake, imetoroka nyua za watu ikavamia malisho katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na majani yake huwadhuru mifugo. Utomvu wa mnyaa wenyewe waweza kuharibu macho ya mtoto.

Nami naongeza kigezo cha tano, cha mwana lugha: tuanze na wenyeji. Kivumbasi hahitaji kubembelezwa. Anaota kwa mvua ya Mungu, ananukia, na ana jina.

8. Hitimisho

Mabibi na mabwana, huko Ujiji, mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, watalii huonyeshwa miembe ambayo inasemekana kuwa uzao wa ule uliowafunika siku hiyo kwa kivuli. Tunawajua watu wawili waliosimama chini yake. Aliyeupanda hatumjui.

Wanafunzi wa Kiswahili mlio hapa mnaweza kupunguza hasara ya namna hiyo. Tabora, Ujiji na Choma wapo bibi na babu wanaoyajua majina ya mimea ya uani kwa Kinyamwezi, Kisukuma, Kimanyema na Kiswahili cha bara, wanaojua lipi huwekwa kichwani kwa bibi harusi na lipi huwekwa kaburini. Nendeni na daftari. Andikeni jina, ngeli, wingi, matumizi, na jina la aliyewafundisha mkiruhusiwa naye. Msiandike mmea bila kumwandika mpandaji. Kamusi itakayotokana na kazi hiyo itakuwa na maneno mawili yaliyo sawa kwa herufi, ua na ua, na kwa mara ya kwanza yatakuwa yameelezwa na watu waliofagia la pili ili la kwanza lichanue.